Nguruwe wangu hawakui: je, nitie vimeng'enya kwenye chakula?

Swali: Shikamoo Daktari. Nafuga nguruwe hapa Mbalizi, Mbeya. Nina majike watatu na 22 wa kukuza. Chakula nachanganya mwenyewe. Kwenye kila kilo 100 naweka pumba za mahindi kilo 60, mahindi ya kusaga kilo 15, mashudu ya alizeti kilo 18, dagaa kilo 5, chokaa kilo moja na nusu, na chumvi nusu kilo. Wakubwa wana miezi saba na bado hawajafika kilo 70. Duka la pembejeo wananiambia nitie vimeng'enya, eti mahindi na pumba vitameng'enywa vyote na nguruwe atawahi soko kwa mwezi mzima. Mwingine ananiambia nichemshe chakula. Nimfuate nani?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Umeniandikia mseto wako kilo kwa kilo, na hilo limenisaidia sana. Wengi huniandikia "nawapa pumba na mashudu" tu, nami nabaki kubahatisha.

Nianze na jibu lenyewe. Katika vimeng'enya vilivyoko madukani, kimoja kina kazi ya kweli kwenye mseto wako: faitesi, kile kinachofungua fosforasi iliyofungwa kwenye nafaka na pumba. Vile vya kuvunja nyuzinyuzi vinaweza kusaidia kidogo. Lakini si ukosefu wa vimeng'enya unaowadumaza nguruwe wako. Chakula chako kina pumba nyingi mno na laisini (sehemu ya protini inayojenga nyama) kidogo mno, na kimeng'enya hakitoi kwenye chakula kitu ambacho hukukiweka. Mwezi mzima aliokuahidi muuzaji hutauona kwa kumwaga unga wa mkobani juu ya mseto huohuo.

Kimeng'enya si dawa, wala si homoni ya kukuza. Ni protini inayokata chembe fulani ya chakula, na kila kimoja kina chembe yake. Ukimwangalia mama anayepika pombe ya komoni utakiona kikifanya kazi: uji mzito wa mahindi ukishapoa kiasi, anatia kimea cha ulezi, na baada ya muda uji unakuwa mwepesi kama maji na ladha inaingia utamu. Kimea kimekata wanga kuwa sukari. Akikitia uji ukiwa bado unatokota, uji unabaki mzito, kwa sababu moto umekiua kimeng'enya. Kumbuka jambo hilo la moto, nitalirudia nikifika kwenye sufuria yako.

Nguruwe naye ana vimeng'enya vyake vya wanga, vichache mateni na vingi kutoka kwenye kongosho. Kwa mahindi yaliyosagwa vizuri, zaidi ya asilimia 95 ya wanga humalizika kabla chakula hakijafika utumbo mpana. Kwa hiyo mtu anayekuuzia kimeng'enya cha kumeng'enya wanga wa mahindi kwa nguruwe wa miezi mitano anakuuzia kazi ambayo tumbo la mnyama limeshaifanya bure. Asilimia tano iliyobaki haitakujengea nyumba.

Zile takwimu nzuri za kwenye vipeperushi zinatoka wapi basi? Nyingi zinatoka Ulaya, ambako nguruwe hulishwa ngano na shayiri. Nafaka hizo zina kuta za seli zenye nyuzinyuzi ambazo nguruwe hana namna ya kuzikata: arabinozailani kwenye ngano, na beta-glukani kwenye shayiri, ambayo hufika asilimia 3 hadi 5 ya punje. Nyuzinyuzi hizo huvuta maji, hufanya chakula kuwa kizito tumboni, na hufungia ndani yake wanga na protini. Ukitia zailanesi, kimeng'enya kinachokata arabinozailani, kwenye ngano, au beta-glukanesi kwenye shayiri, unaona tofauti, na kwa kuku unaiona zaidi kuliko kwa nguruwe maana chakula tumboni mwa nguruwe kina maji mengi. Mahindi hayana tatizo hilo kwa kiwango hicho. Ungekuwa unafuga Makete au sehemu za Njombe wanakolima ngano, na ukawa unapata ngano iliyovunjika kwa bei ya kutupa, ningekuambia mengine. Mbalizi ni nchi ya mahindi.

Ila wewe hulishi mahindi hasa. Unalisha pumba, na hapo hesabu inageuka. Mashine ya kukoboa inapotoa sembe, wanga unabaki kwenye sembe. Kwenye pumba vinaenda ganda la nje, kiini chenye mafuta, na wanga kidogo ulioponyoka. Nyuzinyuzi zinajikusanya humo, na fosforasi iliyofungwa pia. Ongeza mashudu ya alizeti yaliyokamuliwa na maganda yake, ambayo peke yake yanaweza kuwa na nyuzinyuzi ghafi asilimia 25 hadi 30. Kwa makadirio yangu mseto wako una nyuzinyuzi ghafi karibu asilimia 11. Nguruwe anayekua nisingependa apite asilimia 6 au 7. Anashiba kabla hajala cha kutosha kumkuza.

Zailanesi itapunguza tatizo hilo? Kidogo. Nyuzinyuzi za ganda la mahindi ni ngumu, haziyeyuki majini, na kimeng'enya hakizipati kirahisi kama zile za ngano. Kwenye chakula chenye pumba nyingi, nguvu inayopatikana kutoka kwenye chakula inaweza kupanda kwa asilimia chache. Pengine mbili, pengine tatu, na mara nyingine husomi kitu kwenye mzani. Ukipunguza pumba kutoka kilo 60 hadi 30 na kuongeza mahindi, unapata zaidi ya hapo siku hiyohiyo. Najua pumba ni za bei nafuu na mahindi yana bei yake. Lakini piga hesabu kwa kilo ya nyama, usipige kwa kilo ya chakula. Nguruwe wa miezi saba mwenye kilo 65 ameshakula pumba nyingi sana kwa ajili ya kujiweka hai tu.

Sasa laisini. Hii ni asidi amino ambayo nguruwe hawezi kuitengeneza, na ndiyo huisha ya kwanza kwenye vyakula vya nafaka. Mahindi yana kama asilimia 0.25 tu. Pumba ziko juu kidogo ya hapo. Mashudu ya alizeti watu huyasifia kwa protini, na protini yanayo kweli, ila laisini yake haifiki hata nusu ya ile ya mashudu ya soya. Katika mseto wako anayebeba mzigo ni dagaa. Nikijumlisha vyote napata protini kama asilimia 14 hadi 15, na laisini kama asilimia 0.6. Nguruwe wa kilo 25 hadi 50 anahitaji kama asilimia 0.9 hadi 1 ili ajenge nyama kwa kasi ya damu yake. Laisini ikiisha, protini nyingine zote zilizobaki haziwezi kujenga msuli. Zinageuzwa nguvu na mafuta, na nyingine zinatoka kwenye mkojo. Ukiingia bandani asubuhi na harufu ya amonia ikakukaba, jua kuna protini uliyoinunua inapotelea pale.

Ningekuwa mimi, kwa nguruwe wa kilo 25 hadi 60 ningechanganya hivi kwa kilo 100: mahindi ya kusaga 42, pumba za mahindi 28, soya iliyokaangwa na kusagwa 12, mashudu ya alizeti 10, dagaa 6, chokaa gramu 900, chumvi gramu 400, laisini ya unga gramu 200, na premiksi ya nguruwe (mchanganyiko wa vitamini na madini) gramu 500. Laisini hapo inafika karibu na asilimia 0.97. Premiksi zinatofautiana, kwa hiyo kama mkoba wako unasema gramu 250, fuata mkoba na uongeze pumba kidogo kujaza. Soya lazima ipate moto. Soya mbichi ina vizuizi vinavyozuia kimeng'enya cha nguruwe mwenyewe kinachokata protini. Kuna watu watakuambia kimeng'enya cha protini kinafanya kazi ya kukaanga. Usiwasikilize, kaanga mpaka punje ibadilike rangi ndani na harufu ya maharage mabichi iondoke, bila kuiunguza.

Dagaa hao, au usipa wa Kyela kama unawapata, watazame vizuri. Tia konzi moja kwenye ndoo ya maji na uone mchanga ulioshuka chini. Walioanikwa juu ya mchanga huja na uzito usio wa samaki. Na mwezi wa mwisho kabla ya kuchinja waondoe kabisa, maana mnunuzi wa kitimoto akisikia harufu ya samaki kwenye mafuta harudi.

Baada ya hayo, faitesi.

Kwenye nafaka na pumba, sehemu kubwa ya fosforasi, kama theluthi mbili na zaidi, imefungwa ndani ya faiteti. Mmea huweka akiba yake humo ili mbegu ikiota iitumie. Nguruwe hana kimeng'enya cha kutosha cha kuifungua, kwa hiyo inapita tumboni na kuishia kwenye samadi. Mseto wako wa sasa una fosforasi yote karibu asilimia 0.7, na ukiiangalia kwenye karatasi unaona inatosha. Lakini inayoingia mwilini ni kama asilimia 0.25, na sehemu kubwa ya hiyo imetoka kwenye dagaa. Nguruwe wa kilo 25 hadi 50 anataka karibu 0.3. Anapungukiwa kidogo, na dalili zake hazipigi kelele: hamu ya kula inashuka, miguu inalegea, jike anayenyonyesha anaanza kuchechemea.

Faitesi ya kwanza ya biashara ilitoka Uholanzi mwaka 1991. Kilichoisukuma hakikuwa ukuaji wa nguruwe. Wenzetu walikuwa na nguruwe wengi kuliko mashamba, samadi ilijaa fosforasi, na maji yao yakaanza kuharibika. Sisi huku samadi ya nguruwe tunagombaniana kwa ajili ya viazi na mahindi, kwa hiyo sababu yao si sababu yetu. Sababu yetu ni bei ya DCP, ule unga wa madini wa kuongeza fosforasi na kalsiamu.

Kipimo cha kawaida cha faitesi ni yuniti 500 kwa kila kilo ya chakula. Mkobani utaona zimeandikwa FTU. Kiasi hicho hufungua fosforasi inayotumika karibu asilimia 0.1. DCP ina fosforasi kama asilimia 18. Maana yake ni kwamba faitesi katika kilo 100 za chakula inakufanyia kazi ya DCP karibu nusu kilo na zaidi kidogo. Kwa tani ni kilo 5 hadi 6. Uamuzi wako uko hapo: nenda dukani, uliza bei ya kilo 6 za DCP na bei ya faitesi ya kutosha tani moja, uchukue iliyo nafuu. Wengi hutia faitesi juu ya DCP ileile na chokaa ileile, halafu wanalalamika kwamba haikufanya kitu. Ilifanya, ila fosforasi tayari ilikuwa imetosha. Wewe hutumii DCP kabisa, na dagaa wanakusaidia, kwa hiyo faitesi itakuja kuziba pengo lililopo. Ndiyo maana nimesema ina kazi kwako.

Chokaa yako ipunguze hata kama hutanunua faitesi. Kilo moja na nusu ni nyingi kwa mseto wenye dagaa, kwa kuwa mifupa ya dagaa nayo ina kalsiamu. Kalsiamu ikizidi, inashikamana na faiteti tumboni na kuifanya isikatike, na faitesi inakuta mlango umezibwa. Pia inaburuta zinki. Hapa kuna jambo nimeliona kwenye mabanda mengi ya Mbeya na Iringa: nguruwe wa miezi miwili hadi minne wanapata magamba makavu kwenye miguu, tumboni na nyuma ya masikio. Mfugaji anaona ukurutu, anachoma sindano ya wadudu wa ngozi, hakuna kinachobadilika, anachoma tena. Ukurutu wa wadudu huwasha na nguruwe hujisugua ukutani mpaka ngozi itoke. Magamba ya upungufu wa zinki hayawashi hivyo. Ukiona magamba ya namna hiyo kwenye kundi linalokula pumba nyingi na chokaa nyingi, angalia mseto kabla hujanunua sindano. Premiksi yenye zinki na chokaa iliyopunguzwa hulimaliza ndani ya wiki chache, na faitesi huachilia na zinki kidogo iliyokuwa imefungwa na faiteti.

Kipimo sasa, kwa sababu hapa ndipo pesa inapopotea. Mkoba mzuri unaandika jina la kimeng'enya, yuniti kwa gramu, tarehe ya kutengenezwa na kuisha, na joto linalovumilika. Mkoba ukiandika "vimeng'enya mchanganyiko" bila yuniti, uache palepale kwenye kaunta. Bidhaa yenye yuniti 5,000 kwa gramu unatia gramu 100 kwa tani, yaani gramu 10 kwa kilo 100 zako. Yenye 10,000 unatia gramu 5. Gramu 10 ni kijiko, na kijiko ndani ya kilo 100 hakisambai kwa kugeuza mara mbili na koleo. Pima kwa mzani mdogo wa vipimo vya jikoni. Changanya gramu hizo na kilo moja ya unga laini wa mahindi kwenye beseni mpaka rangi iwe moja, kisha na kilo 5, kisha na 20, halafu ndipo umwage juu ya rundo na uligeuze na koleo mara nne au tano kutoka upande mmoja wa sakafu hadi mwingine. Laisini na premiksi zipite njia hiyohiyo.

Nunua kidogo kidogo. Kimeng'enya kilichokwisha kuchanganywa na premiksi yenye madini hupungua nguvu kadiri miezi inavyopita. Kwa baridi ya Mbalizi kitadumu vizuri kuliko kwa mwenzako wa Kyela, ila unyevu wa masika haujali baridi; funga mkoba na uuweke juu, mbali na ukuta.

Kuhusu kuchemsha: rafiki yako amekuambia kitu chenye nusu ya ukweli. Moto husaidia soya, husaidia viazi (wanga wa kiazi kibichi ni mgumu kwa nguruwe, na hakuna kimeng'enya cha dukani kitakachokuokolea kuni hapo), na mabaki ya hotelini lazima yachemke kwa ajili ya homa ya nguruwe. Vitoto vilivyoachishwa kunyonya vinafaidika kidogo na uji wa mahindi ulioiva, kwani kongosho lao bado changa na wiki ya kwanza baada ya kuachishwa vimeng'enya vyao hushuka. Kwa nguruwe wa miezi mitatu kwenda juu, kuchemsha pumba na mahindi ni kuchoma kuni na muda. Na ukitia faitesi au zailanesi kwenye sufuria inayotokota umemwaga pesa kwenye moto, kama yule mama na kimea. Ukilazimika kuchemsha, acha mpaka uweze kuingiza mkono bila kuutoa kwa haraka, ndipo utie vimeng'enya na laisini.

Kuna njia nyingine ya bei ndogo ambayo maduka hayaitaji. Ngano na pumba zake zina faitesi yake ya asili, nyingi kuliko mahindi kwa mbali. Ukipata pumba za ngano, weka kilo 10 hadi 15 badala ya sehemu ya pumba za mahindi, loweka sehemu ya nafaka kwa maji ya uvuguvugu jioni, na ulishe asubuhi. Faitesi ya ngano itafanya kazi usiku kwa ajili yake na kwa ajili ya mahindi yaliyo kando yake. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ikibana, kazi inakwenda polepole, kwa hiyo sogeza ndoo mahali penye joto kidogo. Ila loweka nafaka na pumba tu. Laisini ya unga usiiloweke usiku kucha: bakteria wanaochachusha huila, na unaishia kuwalisha wao. Itie wakati wa kulisha.

Machicha ya komoni, na yale ya kiwanda cha bia, yameshapitia kimea, kwa hiyo sehemu ya kazi imefanyika na wanga umeondoka na pombe. Yana protini ya wastani na nyuzinyuzi nyingi. Kwa jike mwenye mimba yanafaa. Wa kukuza wape kiasi tu, na yakiwa yamechacha vibaya au yana ukungu, yatupe. Kimea cha ulezi chenyewe unaweza kukitia kidogo kwenye uji wa vitoto. Usifanye hivyo kwa mtama ulioota na kutoa machipukizi: machipukizi ya mtama yana sumu ya sianidi.

Kabla hujanunua kitu chochote, pita kwenye mashine unakosagia. Tazama kinyesi cha nguruwe wako asubuhi. Ukiona vipande vya punje, tatizo lako limeanzia kwenye chekeche. Kwa nguruwe wa kukuza chekeche la tundu la milimita 3 linatosha. Unga uwe wa wastani, wenye chembe unazozisikia kwenye vidole. Kila unapopunguza ukubwa wa chembe mpaka kufikia hapo, chakula kinamlipa zaidi, kwani vimeng'enya vya nguruwe na vya mkobani vinapata uso mkubwa wa kushika. Usisage kama unga wa ugali, ingawa. Unga laini mno huleta vidonda vya tumbo, nguruwe anapauka, kinyesi kinakuwa cheusi, na siku moja unamkuta amekufa bila sababu unayoiona. Hili la chekeche ni la bure kabisa, na ninashangaa kila mara jinsi mtu anavyokubali kununua mkoba wa kigeni kabla hajamwambia msagaji abadilishe chekeche.

Na mahindi yenyewe yawe safi. Kwenye nyanda zetu za juu mvua huendelea mpaka mahindi yanakaribia kuvunwa, na ukungu unaingia kwenye gunzi likiwa bado shambani. Wengi huchambua punje mbovu kwa ajili ya ugali wao na kuzipeleka kwa nguruwe. Sumu za ukungu huo humfanya nguruwe akatae chakula, na nyingine huvimbisha uke wa mitamba kana kwamba wamepata joto. Hakuna faitesi wala zailanesi inayogusa sumu hizo. Pumba nazo zina mafuta ya kiini, zikikaa zinachacha; zionje kwenye ulimi kabla hujabeba gunia, na usinunue za kukutosha miezi mitatu.

Sasa ikiwa bado unataka kujua kama vimeng'enya vya nyuzinyuzi vitakulipa, usimuulize muuzaji wala usiniulize mimi. Badilisha kwanza mseto, wape dawa ya minyoo, hakikisha maji yapo saa zote. Kisha chukua ndugu wa tumbo moja wenye uzito unaokaribiana, uwagawe vyumba viwili, jike na dume kila upande. Chakula kiwe kilekile, chumba kimoja kiwe na kimeng'enya na kingine bila. Pima chakula unachomwaga kila siku, na ulishe hivyo wiki sita. Kama huna mzani wa mnyama, tumia futi kamba: pima kifua nyuma ya miguu ya mbele kwa mita, zidisha kwa chenyewe, zidisha kwa urefu kutoka kati ya masikio hadi shina la mkia, kisha zidisha kwa 69.3. Nguruwe mwenye kifua cha mita 0.90 na urefu wa mita 0.95 anakaribia kilo 53. Pima asubuhi kabla hajala, na mtu yuleyule ashike kamba mara zote.

Soma matokeo namna hii. Tuseme nguruwe wako anakula kilo 4 za chakula kuongeza kilo moja ya uzito. Ili aongeze kilo 60 atakula kilo 240. Kimeng'enya kikishusha hiyo 4 mpaka 3.9, umeokoa kilo 6 za chakula kwa kila nguruwe. Kwa hiyo kimeng'enya cha kutosha kilo 240 za chakula kikiuzwa kwa bei iliyo juu ya kilo 6 za chakula, umemfanyia kazi mwenye duka. Kikiuzwa chini ya hapo, nunua. Hesabu hii itakufaa kwa unga wowote watakaokuletea, uwe wa chachu, wa bakteria au wa kitu kingine.

Majike wako watatu waache na pumba zao wakati wa mimba. Nguruwe mkubwa ana utumbo mpana uliokomaa, bakteria wake huchachusha nyuzinyuzi vizuri kuliko wale wa kukuza, na zailanesi kwake ni anasa. Faitesi usimnyime anaponyonyesha. Maziwa huchota kalsiamu na fosforasi kwenye mifupa yake, na jike aliyezaa watoto kumi akiwa anaishi kwa pumba na mashudu peke yake ndiye huyo utakayemkuta siku moja ameshindwa kusimama kwa miguu ya nyuma.